Kanga Juu ya Tangi

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za nyumba yetu ya Gerezani si ya treni, ingawa kota zetu za reli zilikuwa karibu na njia kiasi kwamba vikombe viligongana kabatini kila behewa lilipopita. Ni ya kipampu cha hewa. Kilikuwa kidogo, unakishika kwa kiganja kimoja, kimekaa juu ya kabati la vyombo kikinguruma usiku kucha kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Chini yake, ndani ya tangi la kioo, mapovu yakipanda bila kuchoka. Mpaka leo nikisikia mngurumo wa aina ile nyumbani kwa mtu, napata harufu ya mafuta ya taa na ya kokoto zilizolowa.

Tangi lile baba alilinunua Upanga mwaka 1971. Ndio mwaka Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha, na familia nyingi za Kihindi zikawa zinafunga mizigo na kuuza vyombo. Baba alitoka asubuhi kwenda kununua kitanda. Jioni akarudi nyuma ya mkokoteni uliobeba sanduku la kioo la futi nne, fremu ya chuma, pembe zimezibwa kwa puti, na kipampu kimeviringishwa kwenye taulo. Mama akalizunguka lile sanduku mara moja, akauliza kwa upole, "Baba watoto, kitanda kiko wapi?" Tuliendelea kulala watatu watatu miaka miwili mingine, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyenung'unika.

Unajua Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, na mwenye shangazi Unguja alirudi akisimulia mpaka tunamwonea kijicho. Sasa sisi watoto wa kota tukapata yetu. Ikifika saa kumi na moja jioni mkeka wa sebuleni ulikuwa umejaa miguu yenye vumbi, macho yote kwenye kioo. Kulikuwa na kitoto cha jirani, hakijaanza hata shule, kila samaki wawili wakikimbizana kilimshika mama nguo na kuomba warudie.

Samaki walitoka Kigoma. Baba alikuwa gadi wa treni, na safari ya Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200, ilikuwa ya siku mbili ikienda vizuri. Kule alikuwa na rafiki, mvuvi mzee wa Ujiji tuliyemwita babu ingawa hatukuwa na udugu naye. Huyo ndiye aliyekuwa akipiga mbizi kwenye miamba ya kando ya ziwa na kutoa vijisamaki ambavyo wavuvi wenzake, watu wa dagaa na migebuka, hawakuvihesabu kuwa samaki. Alimfundisha baba asiwape chakula siku mbili kabla ya safari, wasije wakachafua maji njiani. Baba akawaweka kwenye ndoo ya plastiki, akaifunika kwa kitambaa, akaipa nafasi ya heshima kwenye behewa la gadi pamoja na dumu la mawese na magunia ya chumvi ya Uvinza.

Na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo alilisimulia mpaka uzee wake. Treni ikienda, samaki wametulia, kwa sababu mtikisiko unavuruga maji na maji yanavuta hewa. Treni ikisimama sana, kama pale Tabora inapopanga mabehewa, wanapanda juu na kuanza kuhema midomo wazi. Basi wenzake wakishuka kununua asali na karanga, baba alibaki amechuchumaa akichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, akichota na kumimina, mpaka filimbi ipulizwe. Kazi ya kupuliza filimbi ilikuwa yake mwenyewe, kwa hiyo wapo abiria waliochukuliwa mapema kidogo kuliko walivyotarajia.

Waliofika wa kwanza walikuwa weusi tititi wenye madoa meupe, wadogo kama kidole gumba. Tukawaita kanga, kwa yule ndege wa porini. Baada ya miezi madoa yakaanza kufifia. Mama akasema hao wana ugonjwa wa ngozi, akataka wapakwe kitu. Baba naye akapata wasiwasi, akawa anaamka usiku na tochi. Kumbe walikuwa wanakua! Samaki wale huzaliwa na madoa, na ukubwani kichwa hugeuka buluu na mshipi mweupe au wa manjano hujichora kiunoni. Tulikuwa tumeomboleza ujana wao tukidhani ni maradhi.

Ila wengine walikufa kweli. Na hilo ndilo ninalotaka kukusimulia, chai yako isipoe.

Baba alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila samaki aliyekufa aliandikwa humo, tarehe, rangi, na mwishoni sababu. Asipojua sababu aliweka alama ya kuuliza. Mwaka wa kwanza ukurasa ulijaa alama za kuuliza, zimesimama pembeni kama ndoana.

Zikaanza kupungua moja moja. Kuna Krismasi shangazi yetu alikuja kutusaidia usafi. Akatia mkono kwenye tangi, akakuta kokoto zina utelezi. Mwanamke yule hakuweza kuvumilia utelezi. Akazitoa zote, akazisugua kwa sabuni ya mche, akazimwagia maji ya moto, akabadilisha maji yote, na tangi likang'aa kama dirisha la benki. Siku ya tatu samaki walikuwa wanapumua haraka, matamvua yamekuwa mekundu. Siku ya tano watano walielea. Baba alipomweleza mzee wa Ujiji, mzee alisikitika, akasema, "Mmefua ziwa."

Miaka mingi baadaye nilisoma vitabuni alichokuwa anasema. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Ule utelezi ni makazi ya bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa kitu chenye sumu ndogo zaidi, na kundi lao huchukua wiki kadhaa kujijenga. Maji ya Tanganyika yana magadi, pH yake inakaribia 9, na baba alikuwa ameweka matumbawe ya Kunduchi ili maji yetu yafanane nayo. Kwenye maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi. Shangazi hakuambiwa. Baba aliandika kwenye daftari "usafi", akafunga, na Krismasi iliyofuata alimkaribisha shangazi kwa furaha ileile, ila kokoto alizilinda yeye mwenyewe.

Kosa jingine lilikuwa la upendo. Dada yangu mkubwa alifikiri samaki wa Kigoma watakuwa wamekumbuka kwao, akawa anawatwangia dagaa wa Kigoma kwenye kinu, unga laini, harufu nyumba nzima. Walikula mpaka tukashangilia. Halafu wakavimba matumbo, wakaacha kula, wakajikunyata pembeni, choo chao kikawa uzi mweupe. Safari ileile ya behewa ikaleta jibu la babu: hawa ni mbuzi, si chui. Kazi yao ziwani ni kukwangua mwani juu ya mawe kutwa nzima, na utumbo wao ni mrefu kwa ajili hiyo. Tukaanza kuwapa mchicha uliochovywa maji ya moto. Tangu siku hiyo kila tulipopika mchicha, fungu moja lilipelekwa kwanza sebuleni.

Na kuna kipindi, kwa hofu ya kipindupindu, maji ya bomba yakawa na harufu kali ya dawa. Kwetu watu ilikuwa ni uhai, na sitasema neno baya juu yake. Samaki ndio hawakuiweza klorini. Baba akatafuta pipa, akawa anayaacha maji wazi siku mbili mpaka harufu iishe ndipo ayatie kwenye tangi. Akawa anainama kunusa lile pipa kila asubuhi kabla ya kuvaa kofia ya kazi, na mpaka leo siwezi kukusimulia uso wa baba bila kuuona umeinama juu ya maji.

Sasa sikiliza habari ya Yanga.

Mvuvi mmoja alimletea babu samaki wa manjano kama limau kutoka kusini ya Kigoma, babu akampa baba. Nani angempa jina jingine? Na kwa kuwa mwingine alikuwa na wekundu ubavuni, huyo akawa Simba. Kota ziligawanyika. Watu wazima wenye familia walipita dirishani kuuliza Yanga ameamkaje. Kisha Julai 1977 Simba wakaifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na wewe uliyekuwepo unajua mji ulivyokuwa wiki ile. Siku chache baadaye, asubuhi, tukamkuta Yanga wetu amelala chini ubavu. Usiku alikuwa akizunguka kama kichaa, akigonga kioo, akitetemeka. Wengine wawili walimfuata, Simba akiwa mmoja wao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutania sana. Jirani yetu mmoja, Yanga wa damu, alivua kofia mlangoni, akasema samaki amekufa kwa aibu, na alisema hivyo machozi yakimlengalenga.

Baba hakukubali kifo cha aibu. Akachunguza. Maji yamekaa siku mbili pipani. Kokoto zina utelezi wao. Hakuna aliyevimba. Umeme haukukatika. Akaandika "Yanga, Julai 1977", akaweka alama ya kuuliza. Baada ya hapo vifo vikaisha, wala hakutueleza kwa nini. Nakumbuka tu kwamba alianza desturi mpya: kila magharibi alichukua kanga kuukuu ya mama, akalifunika tangi lote, akatuambia samaki nao wanataka chandarua. Televisheni yetu ikawa inafungwa saa kumi na mbili na nusu. Na kipampu akakihamishia nje, barazani, akapitisha mpira wake dirishani, kwa maelezo kwamba kinamnyima usingizi. Yeye, aliyekuwa akilala fofofo ndani ya treni!

Wazee wetu wametangulia. Tangi lilipasuka siku tulipohama kota, na reli yenyewe si ile; treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 inakufikisha Dodoma kwa saa zisizofika nne, ndoo ya samaki isingepata hata nafasi ya kuchafuka. Hakuna anayechuchumaa Tabora na kikombe. Samaki wa Kigoma siku hizi hupanda ndege wakiwa kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni, wanafika Ulaya kabla baba hajavuka Itigi.

Mwaka jana mjukuu wangu wa Tabata alinipigia simu. "Babu, samaki wanakufa na vipimo vyote viko sawa." Ana vile vichupa vya kupimia maji, unadondosha matone, unalinganisha rangi. Amonia sifuri. Naitraiti sifuri. Nikaenda. Nilikaa kwenye kochi lake tangu saa tisa, nikatazama tu, kama tulivyotazama zamani. Kipampu chake kilikuwa kinanguruma juu ya kabati. Magharibi ilipoingia, kidude kilichobandikwa ukutani kikafanya "tss", kikapuliza dawa ya mbu chumba kizima. Baada ya muda kikapuliza tena. Na kipampu, mwenzangu, kinavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji.

Niliinuka kwenye kochi bila kujua nainukia nini. Mama yangu alizaliwa milimani Njombe, kwenye mashamba ya pareto. Utotoni alichuma yale maua meupe na kuyaanika. Dawa ya pareto huua mdudu mara moja, mtu haimsumbui sana, lakini samaki haiwezi hata kidogo. Kila magharibi mama alishika bomba la dawa ya mbu, akapiga chumba hadi chumba, akitusimulia kwa fahari kwamba ndani ya kopo mna ua la kwao. Wiki ile ya Julai tulikuwa na wageni waliofuata mpira, wamelala sebuleni kwenye mikeka, na mama alipuliza mara mbili ya kawaida ili wasiumwe na mbu.

Nilimwambia mjukuu aking'oe kile kidude, abadilishe maji kidogo kidogo, kipampu kivute hewa ya nje. Waliobaki wakapona.

Nyumbani nikalitoa daftari sandukuni. Kurasa zimekuwa rangi ya chai. Ile alama ya kuuliza ya Julai ipo, haijafutwa wala kujazwa. Ukurasa wa pili yake, ambao sikuwahi kuusoma kwa makini, una mwandiko wa baba, wa polepole, kama ripoti ya gadi: "Agosti 3. Pampu imehamia barazani, ivute hewa ya nje. Kanga juu ya tangi kabla mama watoto hajashika bomba. Asiambiwe."