Mota Ikinguruma, Usikimbilie kwa Mganga!

Wiki hii naweka kando habari za mapenzi na mitindo, nazungumzia mota. Usigeuze ukurasa, maana ugali wako wa jioni umepitia hapo.

Shangazi yangu anaishi Rondo, kule juu ukishaiacha Lindi na bahari yake. Hela ya korosho alinunulia mashine ya kusaga ya umeme wa fezi tatu. Akina mama wanaleta mahindi na makopa, yeye anasomeshea wajukuu. Safi kabisa! Basi mwaka jana mota ikaungua. Ikashushwa mjini kusukwa upya, pesa ikamtoka. Miezi mitatu tu, moshi tena!

Kijijini maneno yakaanza: "Hapo kuna mkono wa mtu." Akanyooshewa kidole jirani mwenye mashine ya dizeli, mzee wa watu, akanyimwa hata salamu. Yaani kasheshe ikatoka kwenye mota ikaingia kwenye ujirani.

Mota iliporudi mara ya pili, aliitwa fundi mwingine, binti mdogo tu. Hakuuliza adui ni nani. Aliuliza, "Mama, kabla ya kuungua ilikuwa inaliaje?"

"Ilinguruma, mwanangu, kama nyuki mzingani. Na nguvu ikapungua."

Binti akazima swichi kubwa, akafungua boksi la kuwashia. Mguso mmoja wa kontakta umeungua, mweusi tii. Na ile ovalodi, kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa, fundi wa kwanza alikuwa ameiruka kwa kipande cha waya, ati inasumbua kuzimazima. Mchawi kaonekana!

Sikiliza, mshikaji. Mota hizi, ambazo Nikola Tesla alipata hataza zake Marekani mwaka 1888, hazipeleki umeme kwenye sehemu inayozunguka. Fezi tatu zinazungusha sumaku, nayo inakokota chuma cha katikati. Kwa mota ya nguzo nne na umeme wetu wa hezi 50, sumaku inakwenda mizunguko 1,500 kwa dakika, chuma kinafuata nyuma, kama 1,440. Ukikata fezi moja ikiwa kazini, haisimami. Mbili zilizobaki zinabeba mzigo wote, umeme ndani yake unapanda kama mara 1.7, na joto karibu mara tatu. Nyaya zinakaangika.

Shangazi alikwenda kwa jirani na debe la unga kuomba radhi. Alipokelewa. Ila zamani alikaribishwa ndani, siku hizi kiti anawekewa barazani. Pesa ya kusuka mota unaweza kuitafuta tena, hiyo nyingine sijui inauzwa duka gani.

Kwa hiyo we kijana mwenye mashine, shika haya. Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima haraka, huenda fezi moja haipo. Ikikwaruza, tazama beringi, na mkanda usiukaze kupita kiasi. Ikizunguka kinyume, fundi abadilishane nyaya mbili kati ya tatu, basi. Ovalodi ikikata, tafuta sababu, usiiruke. Na fundi apime fezi zote tatu mashine ikiwa inasaga. Zikipishana sana, kuna jambo.

Kama fundi wako hana mita lakini ana jina la mbaya wako, mwambie asante, mlango ule pale. Tukutane wiki ijayo!