Barua Kutoka Ufipa: Radi za Mchana na Ndege ya Asubuhi

Sumbawanga, Januari

Dada yangu mpendwa,

Nimefika salama, alhamdulillahi. Nakuandikia nimejifunga blanketi mabegani, wakati nyie huko Tanga najua mmelala madirisha wazi na feni haina mapumziko. Mji huu uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na jioni baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa.

Jumatatu tuliondoka Dar es Salaam alfajiri. Tulipofika juu ya uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, rubani akatangaza kwamba ukungu umeufunika, tutazunguka kwanza. Watu wakaanza kunung'unika: huyu ana kikao, yule anawahi basi. Mimi mawazo yangu yalikuwa Bukoba. Unaikumbuka asubuhi ile ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR ya Precision Air ikiwa na watu 43, hali ya hewa mbaya, ikaangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja? Wavuvi waliwahi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwemo. Basi rubani wetu aliposema tuzunguke, nikamwombea dua. Ukungu ukapasuka, tukatua.

Jumanne ikawa siku ya basi hadi Sumbawanga, kilomita kama 300. Tunduma malori yamepangana yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, halafu lami inapanda, tunapita Laela, mahindi kulia, mahindi kushoto, na mbingu kubwa ajabu. Kwetu bahari ndiyo inayokuonyesha upana wa dunia. Huku ni mbingu. Usiku nilikula ugali wa ulezi, mweusi, mzito, kwa mgebuka wa Ziwa Tanganyika. Mtamu! Nazi tu ndiyo niliyoikosa. Maharage sokoni bei yake ni karibu nusu ya ile ya soko la Mgandini huko Tanga, lakini nazi moja unaitafuta kwa tochi. Na adabu za Wafipa, wenyeji wa huku, dada! Binti wa mwenyeji wangu alinisalimia ameinama, akipiga makofi taratibu, mpaka nikaona haya kwa ule mkono wangu wa harakaharaka wa mjini.

Jumatano mchana nikayaona yale tuliyokuwa tukiyasikia kuhusu radi za huku. Asubuhi kulikuwa kweupe. Saa nane mawingu yakaanza kupanda nyuma ya milima ya Mbizi, meupe juu, chini rangi ya wino. Upepo ukageuka ghafla, ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Bibi mwenye nyumba akazima redio, akafunika kioo kwa khanga, kama alivyokuwa akifanya bibi yetu. Kisha mvua ya mawe ikashuka juu ya bati, hatusikilizani. Radi ilipopiga, nyumba nzima ilitetemeka. Bibi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ziko radi za Mungu na ziko za kutumwa, na wazee wanajua kuzitofautisha. Nilimsikiliza kwa heshima. Aliyeishi miaka yote hiyo chini ya mbingu hii ana haki ya kuiogopa.

Ukiitazama ramani utaona kwa nini mbingu yenyewe haitulii. Uwanda huu wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, yote mawili mita 1,000 hivi chini yake. Hewa yenye unyevu inapanda kingo za Bonde la Ufa, jua la mchana linaisukuma zaidi, na wingu la radi katika nchi za joto linaweza kupita kilomita 15 kwenda juu. Ndege kubwa za abiria hupita kilomita 10 hadi 12. Kwa hiyo kulivuka kwa juu mara nyingi haiwezekani; rubani anatazama rada iliyo kwenye pua ya ndege na kulizunguka kwa mbali.

Tena radi yenyewe siyo inayotisha marubani zaidi. Ndege hupigwa mara kwa mara, umeme unapita kwenye ganda la nje na kutoka. Hatari kubwa ni mvua ya mawe inayovunja vioo, na upepo unaoporomoka kutoka winguni karibu na ardhi. Mwaka 1985 upepo wa namna hiyo uliiangusha ndege ya Delta ilipokuwa ikitua Dallas, Marekani, wakafa watu zaidi ya 130. Na Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines, ikipita juu ya Myanmar, ilishuka mita 54 kwa muda usiotimia sekunde tano. Wasiofunga mikanda walirushwa mpaka darini. Abiria mmoja alifariki.

Leo Alhamisi mazungumzo ni ya uwanja wa ndege wa hapa na ujenzi wake upya kwa lami, na watu wana hamu kubwa. Nami nafurahi nao. Ila ndege zinazokuja kwenye mbingu hii zinahitaji zaidi ya lami: taa za njia ya kurukia, vipimo vya upepo, na mtu wa hali ya hewa ambaye neno lake linasikilizwa.

Mtakapokuja na mama na mjomba, chukueni ndege ya asubuhi, maana huku mawingu hupanda mchana. Mama asifungue mkanda hata taa ikizimwa. Na rubani akisema anarudi Dar, mwambie mjomba asigombe. Mimi nitawasubiri hata siku ya pili.

Ndugu yako akupendaye.