Unatoka Nchi Gani

Pikipiki si chombo cha Lamu. Njia za Amu ni nyembamba kiasi kwamba ukikutana na punda aliyebeba mawe, mmoja wenu lazima arudi nyuma, na kwa kawaida si punda. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na wazee wasiotaka bodaboda ziingie Mji wa Kale wana hoja: kelele, watoto, kuta za mawe ya matumbawe. Vijana nao wana yao, manake punda hamuwahishi mgonjwa hospitali kutoka Matondoni. Ugomvi huo mimi niliukwepa kwa kuiweka Boxer yangu Mokowe, upande wa bara, barabara inapoanzia. Miaka sita nimebeba abiria hapo: Mokowe, Hindi, Kililana, halafu wafanyakazi wa bandari mpya tangu gati ya kwanza ilipofunguliwa Mei 2021.

Julai 2025 niliipanda Boxer hiyohiyo, peke yangu, nikapita Tanzania na Malawi, nikaingia Msumbiji hadi kisiwa cha Ilha de Moçambique, nikarudi. Zaidi ya kilomita 3,000 kwenda tu. Watu huniuliza kama niliona simba Mikumi. Sikuona. Niliona twiga, nyani, na lori limelala ubavu.

Ninachotaka kusema hapa ni kuhusu swali moja nililoulizwa kila mahali, kwa lugha nne: unatoka nchi gani?

Mimi ni Mbajuni wa Faza, kisiwani Pate. Babu yangu hakuzaliwa Faza. Alizaliwa bara, upande wa Kiunga, na aliondoka huko na watu wake wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960, vijiji vya Wabajuni vilipohamwa na watu kukimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Waliacha mashamba, minazi na misikiti. Karatasi hawakuacha kwa sababu hawakuwa nazo. Babu alikuwa baharia wa majahazi ya boriti, na boriti za mikoko hazikuulizwa paspoti.

Sasa nenda na hadithi hiyo mezani kwa afisa ukiwa na miaka kumi na minane. Babu yako kazaliwa wapi? Kiunga. Kiunga au ng'ambo ya pili? Kiunga, mzee. Una cheti chake? Rafiki niliyesoma naye Mombasa, mtu wa kutoka Kisii, alipata kitambulisho chake hata kabla sijajua foleni yangu inaanzia mlango gani. Mimi nilikaa miaka miwili, nikiitwa mbele ya wazee na maofisa wathibitishe kwamba mimi ni wa hapa. Ofisi siitaji, na maofisa wengine walikuwa watu wema kabisa. Februari 2025 rais alitangaza mwisho wa uchujaji huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mipakani. Mimi nilikuwa nimeshapita, nimeshapata na paspoti juu yake. Na paspoti, kwa mtu aliyengoja hivyo, si kitu cha kuweka kabatini. Nilitaka kuitumia mpaka kurasa zichoke.

Kwa hiyo nikajipanga. Tairi mpya mbili, cheni na sproketi mpya, kebo ya klachi ya akiba, plagi, tyubu, lita moja ya oili. Bima ya COMESA ambayo watu huiita kadi ya njano, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ambacho nacho ni cha njano. Binamu yangu akasema mchezaji mwenye kadi mbili za njano hutolewa nje. Mama alicheka, halafu akaenda chumbani na hakutoka mpaka Alasiri.

Horohoro, mpaka wa Tanzania, nilimaliza kwa dakika arubaini. Afisa aligonga muhuri, akanipa kibali cha muda cha pikipiki, akachungulia dirishani. “Kaka, umetoka Lamu na hii?” Nikasema ndio. “Nchi gani hiyo Lamu?” Nikadhani anatania, kumbe alikuwa akimpima mwenzake wa meza ya pili, aliyejibu kwamba ni Visiwa vya Shelisheli. Walicheka wote. Nami nilicheka. Swali lilelile, lakini tumbo halikunikaza, na hilo nililiona palepale.

Tanzania ni ndefu, wallahi. Segera, Chalinze, Morogoro, Mikumi, halafu mlima wa Kitonga ambako malori hupanda kama wazee wapandao ngazi. Trafiki wenye tochi wako kila kijiji, na mwendo ni hamsini, basi hamsini. Makambako baridi ilinifanya nivae kila nguo niliyokuwa nayo, na kikoi juu. Mama mmoja wa chakula pale alinitazama akasema, “Kaka, kula kwanza, utajieleza baadaye.” Niliposhukuru akasema mimi si Mkenya, Wakenya hawasemi Kiswahili hivi, lazima ni mtu wa Unguja. Nilimwambia Kiswahili kiko Lamu tangu zamani sana. Akanijazia wali, nadhani kwa huruma.

Huenda unashangaa kwa nini sikufuata pwani moja kwa moja: Lindi, Mtwara, kisha Ruvuma. Ramani inasema hivyo. Lakini ng'ambo ya Ruvuma ni Cabo Delgado, na huko kuna vita tangu Oktoba 2017, watu walipovamia Mocímboa da Praia. Wenyeji wa huko waliwapa wavamizi jina ambalo watu wa Lamu hatuhitaji kutafsiriwa: al-Shabaab. Ni kundi jingine, lakini jina ni hilo. Sikuona sababu ya kusafiri mbali hivyo kwenda kukutana nalo. Ndiyo nikazunguka kwa ziwa.

Kutoka Mbeya unashuka Tukuyu, chai na migomba kila upande, hadi Kasumulu na mto Songwe. Malawi ilinipa barabara nzuri na kunikosesha petroli. Mwaka huo vituo vingi vilikuwa vikavu, na watu waliuza mafuta kwenye chupa kwa bei ya manukato. Vijana wa kabaza, ndivyo bodaboda zinavyoitwa kule, walinisaidia kila mji. Wanaangalia namba ya pikipiki, wanauliza “Mukuchokera kuti?”, wakisikia Kenya wanauliza inakula lita ngapi. Bodaboda ni uraia wa aina yake. Hakuna aliyeniomba nithibitishe.

Nkhotakota nililala usiku mbili. Nilijua kidogo habari zake: katikati ya karne ya 19 mtu wa pwani, Salim bin Abdallah, alifika hapo ziwani, akajenga, na watawala waliomfuata wakaitwa Jumbe. Pembe na watu walivushwa ziwa kwa madau kupelekwa pwani kuuzwa. Baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja mwenye kofia iliyofumwa kama zetu aliniuliza natoka wapi. Nikasema pwani, Lamu, na nilisema kwa kujidai kidogo, kama mtu aliyefika kwa ndugu. Alijua Kiswahili cha kutosha. Akasema, “Pwani. Wazee wako walifika hapa pia.” Akanyamaza. Kisha akanialika kula. Tulikula nsima na samaki wa ziwa, na sentensi yake ilikaa nasi kwenye sahani. Kumbe si kila anayekuuliza utokako anakushuku wewe. Wengine wanakumbuka.

Mangochi, Mandimba, mpaka wa mwisho. Afisa wa Msumbiji alisema Kireno, nami nikasema kila kitu nilichokijua isipokuwa Kireno, na tukaelewana kwa karatasi. Bima, kibali, muhuri. Barabara hadi Cuamba na Nampula inapita kwenye vilima vya mawe matupu vilivyosimama peke yao uwandani, kama vimeshushwa na kusahauliwa. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilisimama mara nyingi hata nikachelewa, na nikalala Ribáuè kwenye chumba kisicho na taa.

Ilha inaunganishwa na bara kwa daraja la zaidi ya kilomita tatu, njia moja tu, lenye vituo vya kupishana. Upepo wa kusi ulikuwa ukinipiga ubavuni nikashika usukani kama mtu anayeshika punda mkaidi. Kisiwa chenyewe kina sehemu mbili: mji wa mawe, na mji unaoitwa Macuti. Ni makuti yetu, neno lilelile, limevaa herufi za Kireno. Mji wa makuti uko chini kuliko barabara kwa sababu mawe ya kujengea ule mwingine yalichimbwa hapo. Unatembea barabarani na mapaa yanakuwa usawa wa kiuno. Kimbunga Jude kilipiga pwani hiyo Machi 2025, na miezi minne baadaye bado kulikuwa na mapaa yaliyofunikwa turubai. Wanawake walipaka msiro mweupe usoni. Jioni moja nikasikia ngoma za tufo, wanawake wamekaa mstari mmoja wakiyumba mabega, na neno hilo nalo ni dufu, hilihili la maulidi. Tariqa ya Shadhuliya ilifika hapo kupitia Ngazija. Habib Saleh aliyeanzisha Riyadha ya Amu naye alitoka Ngazija.

Nilikuwa nimekaa karibu na soko la samaki nikinunua bajia. Mama aliyeziuza alinisikia nikihesabu pesa kwa Kiswahili akainua kichwa. Yeye alisema Kimwani, lugha ya pwani ya Cabo Delgado, na kwa Kimwani chake na Kibajuni changu tulikutana njiani. Alitoka Mocímboa da Praia. Alikimbia na watoto wanne mwaka 2020, mji ulipotekwa. Nyumba ilichomwa, na ndani yake vyeti vya watoto na kitambulisho chake. Tangu hapo, alisema, kila ofisi inamuuliza ni wa wapi, na kila anapotaja mji wake wanamwangalia mara mbili.

“Na kwenu, mwanangu? Mnalala?”

Hakuuliza kama kuna amani, wala kama kuna vita. Nilifikiria Mpeketoni, Juni 2014, zaidi ya watu sitini. Nilifikiria basi lililoshambuliwa Nyongoro, Januari 2020, na majirani zangu wa Hindi wanaosikiliza msitu wa Boni kabla ya kuzima taa. Nikasema, “Mjini twalala, mama. Bara hutegemea.” Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za mtaa wake. Bajia alikataa nilipe. Niliacha pesa chini ya sahani, na najua aliziona.

Kurudi sina mengi. Njia ileile, matako yaleyale, cheni ililegea Iringa, fundi mmoja akaikaza bure. Lunga Lunga, afisa wa Kenya alifungua paspoti, akasema “Karibu nyumbani”, akafunga. Sekunde ishirini. Niliendesha hadi Mombasa nikitabasamu ndani ya helmeti kama mjinga.

Siku mbili baadaye nilifika Garsen. Kutoka hapo hadi Mokowe ni kama kilomita 135 za lami safi, na wakati huo usiku zilikuwa hazipitiki. Mabasi yalikuwa yakingoja askari wa kuyasindikiza. Nilisimamishwa kizuizi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nchi tatu za watu nilikuwa nimeonyesha paspoti mpakani tu na leseni kwa trafiki. Sasa, nchini kwangu, kitambulisho kilikuwa kinatoka mfukoni kila baada ya dakika chache hata nikakiweka mdomoni ili kuokoa muda.

Kizuizi cha nne askari alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi, na bunduki ilimwelemea begani. Alitaka nifungue mizigo. Akaikuta paspoti, akaifungua, akaona mihuri: Malawi, Msumbiji. Akasoma jina. Akasoma mahali pa kuzaliwa. Akanitazama.

“Wewe unatoka nchi gani?”

Alikuwa ameishika paspoti ya Kenya mkononi. Sikumchukia, na sisemi hivi ili nionekane mwema. Kwenye barabara hiyo wenzake wamekufa kwa mabomu ya kutegwa, na mtu aliyewaua huenda aliwahi kusimama hapo akiwa na karatasi nzuri. Ana haki ya kuogopa. Lakini nilimfikiria mzee wa Nkhotakota, na yule mama wa bajia, na afisa wa Horohoro na Shelisheli yake, nikaona kwamba ni hapa tu jibu langu linaweza kunizuia nisifike kwetu.

“Faza,” nikasema.

“Faza ni nchi?”

“Ni Kenya, afande. Ukivuka maji.”

Alinirudishia paspoti. Akasema ningoje basi lifike niandamane nalo, si vizuri kwenda peke yangu. Tulingoja karibu saa mbili kivulini. Katika kungoja aliniuliza kama Msumbiji ni mbali, pikipiki inakula lita ngapi, na kama ni kweli kule wanaendesha kushoto kama sisi. Nikamwambia ni kweli, ingawa walitawaliwa na Wareno. Akasema yeye kwao ni Busia, na hajawahi kuvuka kwenda Uganda hata siku moja.

Basi likaja. Nilikaa nyuma yake hadi Mokowe, nikafunga Boxer kwa mnyororo mahali pake, nikashuka gatini. Nahodha wa boti ya Faza alisema tungoje maji yajae kidogo. Nikanunua mahamri na mbaazi, nikampigia mama.