Mshipi na Tangazo

Watu wengi wanapotaja utamaduni wa taifa hukumbuka kwanza ngoma, mavazi na hadithi za wazee. Hawakosei, hayo yote ni utamaduni. Lakini namna mtu anavyojipatia kitoweo chake, chombo anachokitumia na maneno anayokiitia chombo hicho, nayo ni sehemu ya utamaduni huo huo, na aghalabu ndiyo sehemu inayosahauliwa na sisi tuliozoea kukaa ofisini. Katika makala haya tungependa kueleza jinsi tulivyolijua jambo hilo kwa mikono yetu wenyewe, tena katika umri ambao mwanadamu hudhani amekwisha kuhitimu.

Sisi ni wazaliwa wa Kasansa, katika nchi ya Wapimbwe, mkoani Katavi. Maji tuliyoyajua utotoni ni ya Ziwa Rukwa. Ziwa hilo lina kina cha mita chache tu, maji yake ni ya magadi na tope, wala hakuna mto utokao humo kwenda kwingine. Miaka ya mvua nyingi hujaa likayameza mashamba. Miaka ya ukame hurudi nyuma likaacha uwanja mkavu. Uvuvi tuliofundishwa ulikuwa wa migono. Unautega mgono wako penye matete, unaondoka, na asubuhi unarudi kutazama kama perege au kambale ameingia. Kazi kubwa ya mvuvi wa namna hiyo ni kusubiri, na kujihadhari na mamba na viboko.

Utumishi ulitupeleka upande wa pili wa mkoa, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ziliko Karema na Ikola. Mtu atokaye Rukwa akifika huko hustaajabu. Maji ni maangavu, na mahali penye kina kirefu kabisa hufikia mita 1,470 hivi. Duniani ni Ziwa Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Mgono hauna kazi mahali ambapo chini hakufikiki.

Nchi 4 zinazolizunguka ziwa hilo, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha. Kwetu uvuvi ulisimamishwa mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kulisoma tangazo mbele ya wananchi. Tulilisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kughani mashairi. Tulipomaliza, mama mmoja mwanika dagaa alisimama akasema kwa adabu, "Bwana mkubwa, tumekusikia, ahsante. Je, wewe mwenyewe umewahi kuvuta mshipi?"

Watu walicheka. Sisi tulimjibu kwa kumtajia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Tulichokisema kilikuwa kweli, lakini hakikuwa jibu la swali lake, na kila aliyekuwapo alilitambua hilo. Usiku ule hatukulala vema. Tulikumbuka kwamba tumekwisha kutunga beti nyingi za kumsifu mvuvi, na katika beti zote hizo hamna hata mahali pamoja tulipotaja ndoana, chubwi wala upo. Tulikuwa tumemsifu mtu ambaye hatukumjua.

Ziwa lilipofunguliwa tulinunua mtumbwi mkuukuu, mdogo, wa kumtosha mtu mmoja, tukamwomba kijana jirani atufundishe. Kijana huyo ana umri wa mwanetu wa tatu. Alituamkia "Shikamoo, mzee," kisha, baada ya kuitikiwa, akatuamuru tuvue viatu. Siku ya kwanza tulipinduka mara 3 karibu na ufuko, watoto wakishangilia. Siku ya pili tulijifunza kuketi chini kabisa, kupiga kafi bila kuyumbisha mabega, na kuyateka maji yaliyoingia kwa upo huku macho yakitazama mbele.

Mwanzoni mwa Septemba, katika giza la mwisho wa mwezi, tulitoka usiku, yeye katika mtumbwi wake na sisi katika wetu, kamba fupi ikiviunga vyombo viwili. Uvuvi wenyewe ni huu. Taa huwashwa juu ya maji. Dagaa huvutwa na mwangaza, na migebuka huja nyuma yao kuwala. Zamani wavuvi waliwasha vijinga vya moto, baadaye karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazotiwa nguvu na jua. Mshipi wa migebuka una ndoana kadhaa zinazong'aa, zisizo na chambo, na chubwi la risasi mwishoni. Mvuvi huushusha, kisha huupandisha kwa kuushtua tena na tena, ili ndoana zimetemete kama dagaa wanaokimbia.

Hapo ndipo malezi ya Rukwa yalipotushinda. Mkono wetu ulizoea kutega na kungoja. Kila tuliposahau, mkono ulitulia, na ndoana zilizotulia hazimdanganyi mgebuka. Kijana alisema, "Mzee, usimngojee. Mkimbie, naye atakufuata." Baada ya saa nyingi mshipi ulikuwa umetukata vidole viwili, na samaki tuliyempata alikuwa mmoja.

Karibu na alfajiri samaki walianza kushika kwelikweli. Tulipandisha mmoja, wa pili, wa tatu. Furaha tuliyoipata ni vigumu kuieleza. Wakati huo huo upepo wa kusi, ambao hutawala ziwa hilo miezi ya kiangazi, ulianza kuvuma. Kijana alizima taa akasema turudi. Tulimsihi atungojee kidogo. Alijibu, "Mzee, samaki watakuwapo kesho. Sisi je?" Alipoona tungali tunabishana, aliukata mshipi wetu kwa kisu bila kutuomba radhi. Kabla hatujafika ufukoni mawimbi yalikwisha kuingia mtumbwini mara mbili, na mkono uliokuwa ukibisha ndio uliokuwa ukiteka maji kwa hofu. Tulipokanyaga mchanga tulimshukuru kijana, tukamlipa bei ya mshipi wake.

Tulirudi na migebuka wanne. Asubuhi, mbele ya kijana yule, tulipiga hesabu ya taa, betri, ndoana, mshipi uliopotea na usingizi uliokosekana, tukaona kwamba wale wanne hawakuzilipa gharama hizo. Ndipo tulipoelewa miezi 3 ni nini kwa mtu aliyekopa fedha za kununulia taa.

Msomaji asidhani kwamba tulibadili msimamo juu ya kulipumzisha ziwa. La hasha. Mtu aliyeaona usiku mmoja jinsi taa inavyowakusanya dagaa wadogo kwa wakubwa hawezi kuamini kwamba ziwa halina mwisho. Tena wavuvi wenyewe wana pumziko lao la tangu zamani: mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, nao hukaa nchi kavu siku hizo wakitengeneza nyavu na vyombo. Ziwa lilikuwa na kalenda yake kabla ya sisi kuwa na tangazo letu.

Kalenda hiyo ndiyo tuliyokuwa hatuijui. Mkutano wetu tuliuitisha katika siku za giza, saa 4 asubuhi, wakati wavuvi waliokesha ziwani wamelala. Waliotusikiliza walikuwa wachache, na wengine walisikia habari baada ya kukwisha kukopa. Tangu hapo tumeomba, na wenzetu wamekubali, kwamba matangazo ya ziwa yasomwe siku za mbalamwezi, ufukoni, mapema kabla watu hawajaingia katika madeni ya zana.

Mkutano wa kwanza wa namna hiyo ulijaa. Yule mama alikuwapo. Alivitazama vidole vyetu, akaona makovu, akauliza, "Ulipata wangapi?" Tukamjibu, "Wanne." Akacheka, na safari hii nasi tulicheka. Kisha akaketi mbele, akangoja tangazo lisomwe.