Ukialikwa Harusi Tanga
Ukialikwa harusi mjini Tanga, usikae uani siku zote ukingoja pilau. Mwombe mwenyeji wako akupeleke kwenye mapango ya Amboni. Si mbali, ni kiasi cha kilomita 8 tu kutoka mjini.

Mapango hayo ni ya mawe ya chokaa. Maji ndiyo yaliyoyachimba, kwa miaka mingi sana. Ndani ni giza, na popo ni wengi. Watu husimulia kwamba pango moja hufika Kilimanjaro. Wataalamu waliyapima mwaka 1994. Pango refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi. Lakini hata mita hizo zatosha kumpoteza mtu! Lipa kiingilio, chukua tochi, ufuatane na mwongozaji. Kanzu ya harusi iache nyumbani.

Jioni, nenda Raskazone ukapate upepo wa bahari.