Mguu ni Mmoja

Watu husema kwamba mwalimu hufanya kazi kwa ulimi. Ni kweli, walakini ulimi huo hubebwa na miguu miwili kutwa nzima, na aghalabu hatuikumbuki miguu hiyo mpaka itugomee. Ndivyo ilivyotupata sisi, nasi twaona yafaa tuwasimulie walimu wenzetu, kwani katika kisa hiki mna maumivu ya goti, na mna pia somo dogo la lugha.

Tunaishi Kafutuma, katika wilaya ya Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Wanafunzi wetu wengi ni watu wazima ambao nyumbani husema Kibemba, nao hukitaka Kiswahili ili wafanye biashara na watu wa ng'ambo ya ziwa, yaani Kongo. Tulipopita umri wa miaka arobaini, goti letu la kulia lilianza kuuma. Kwanza liliuma tuliposhuka mteremko; kisha tulipoinuka kitini; mwishowe tulipokuwa tumesimama tu mbele ya ubao. Tulilichua kwa dawa, tukalifunga kitambaa, tukalisitiri kwa suruali pana. Baadaye tukaanza kufundisha tukiwa tumekaa. Mwalimu aliyekaa hawaoni walioketi nyuma, na walioketi nyuma hujua upesi kwamba hawaonwi. Sauti za darasa zikafifia. Tukaandika barua ya kuomba tupunguziwe vipindi, kisha tukaificha ndani ya kitabu, kwani tulijua kuwa pamoja na vipindi vingepungua na vitu vingine: karo ya watoto, na heshima yetu machoni petu wenyewe.

Siku moja tulikuwa tukifundisha majina ya viungo vya mwili. Ili kutoa mfano tulisema, "Mguu wangu unauma." Mama mmoja mwuza samaki akainua mkono, akauliza: "Samahani, Mwalimu. Mguu upi? Ukuulu au ulukasa?" Katika Kibemba ukuulu ni mguu mrefu ushukao toka nyongani, na ulukasa ni ile sehemu ya chini ikanyagayo ardhi. Tulimjibu kwa majivuno kidogo kuwa Kiswahili hutosheka na neno moja: toka paja hadi vidole, vyote ni mguu, na atakaye kupambanua atasema goti, ugoko, kifundo, kisigino au wayo. "Basi," akasema yule mama, "Mwalimu analilia ukuulu, lakini viatu vyake vinalilia ulukasa." Darasa zima lilicheka. Tulipovua viatu tuliona kweli: soli zote mbili zilikuwa zimelika upande wa ndani.

Jioni hiyo tulitembea peku ufukoni, penye mchanga mbichi, karibu na mahali ambapo chisense, wale dagaa wa ziwa letu, huanikwa juani. Nyayo za wavuvi zilikuwa na kiuno: kisigino, ukanda mwembamba, kisha vidole. Zetu hazikuwa na kiuno. Zilikuwa kama pasi iliyowekwa mchangani. Hapo tukafahamu kuwa tuna miguu bapa.

Mtaalamu wa viungo aliyetupima baadaye alitueleza mambo kwa utaratibu. Mguu, kutoka kifundo kwenda chini, una mifupa 26 iliyopangwa mfano wa tao, na chini ya tao hilo ndipo penye uvungu wa wayo. Tao hushikiliwa na kano na misuli. Kano moja yenye nguvu hutoka nyuma ya ugoko, hupita upande wa ndani wa kifundo, na kulivuta tao juu. Misuli ikilegea, tao hushuka, kifundo huinamia ndani, ugoko nao huzunguka kukifuata, na goti hupindwa kidogo katika kila hatua. Ukuta ukipata ufa, fundi hodari huutazama msingi.

Lakini isidhaniwe kuwa kila mwenye miguu bapa ni mgonjwa. Watoto wote wachanga huzaliwa bila uvungu dhahiri, na watu wazima wengi huishi na nyayo bapa bila maumivu yoyote. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 juu ya wazee wapatao 1,900 wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba wenye nyayo bapa zaidi walielekea kuumwa magoti kuliko wenzao, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Na huko India, mwaka 1992, madaktari walichapisha matokeo ya kupima nyayo za watoto 2,300: miongoni mwa waliovaa viatu, 8.6 kwa mia walikuwa na miguu bapa. Miongoni mwa waliokwenda peku, 2.8 kwa mia tu. Tulipoyasoma hayo tuliikumbuka fahari ya utoto wetu, pale tulipopewa viatu vigumu vya shule na kuwacheka wenzetu wasio navyo.

Mazoezi tuliyopewa hayakuhitaji fedha. La kwanza huitwa kufupisha wayo, nalo lahusishwa na Daktari Vladimír Janda wa Prague (1928–2002), ambaye mwenyewe aliugua polio ujanani. Mtu hukaa kitini, peku, wayo wote ukiwa chini. Kisha huvuta shina la kidole gumba kuelekea kisigino bila kuvikunja vidole, mpaka uvungu uinuke. Hushikilia kwa muda wa kuhesabu tano, akaachia. Mara kumi kila mguu. La pili ni kuinua kidole gumba peke yake huku vingine vimetulia, kisha kuvigeuza zamu. La tatu ni kukusanya kitenge kilichotandikwa sakafuni kwa kutumia vidole vya miguu. La nne ni kushika ukuta na kuinua visigino polepole, huku mpira mdogo wa matambara umebanwa katikati ya visigino hivyo, kisha kuvishusha polepole zaidi. La tano ni kusimama kwa mguu mmoja. La mwisho ni la mapaja: kuinuka kitini na kukaa tena bila kutumia mikono, magoti yakielekea vidoleni wala yasiangukiane.

Tulianza mwanzo wa Desemba, wakati uvuvi ufungwapo. Kwa pupa yetu tulifanya katika wiki ya kwanza mara mia badala ya kumi, tukaumia vigimbi, tukalala siku tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Tumeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, lakini siku hizo ndipo tulipoijua. Kidole gumba chetu nacho kilikuwa mwanafunzi mzito: kwa wiki mbili hakikusikia amri hata moja. Nyavu ziliporudi majini mwezi wa Machi, tuliweza kushuka mteremko bila kushika kitu, na kufundisha vipindi viwili mfululizo tukiwa wima.

Twapenda kutahadharisha. Goti lililovimba au lenye joto, wayo ulioporomoka ghafla upande mmoja, au mguu uliokufa ganzi, huo ni wa kupelekwa hospitali kwanza. Kadhalika mwenye kisukari asiende peku, maana huweza kujeruhiwa asijue.

Juzi tulirudi ufukoni tukakanyaga mchanga mbichi. Wayo wetu ungali bapa, karibu kama zamani, kwa kuwa mifupa ya mtu mzima haifinyangwi upya kwa mazoezi; kilichobadilika ni nguvu ya kuibeba. Ile barua tumeichana. Na yule mama tumemkiri mbele ya darasa kuwa alituzidi katika somo letu wenyewe. Kibemba chake, kwa kutenga ukuulu na ulukasa, kilituonyesha mahali pa kutazama. Kiswahili chetu, kwa kuviita vyote mguu, kilikuwa kikitwambia siku zote kuwa kiungo hicho ni kimoja, nasi hatukusikia. Alitujibu, "Basi, Mwalimu, simama, tuendelee." Tukasimama.