Silabi moja, shilingi 40,000

Vikao vya chama chetu huendeshwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Sheng, mara nyingine katika sentensi moja, kwa hivyo kuandika kumbukumbu ni kazi. Siku hizi nainukuu sauti kwa Whisper, programu huria ambayo OpenAI ilitoa mwaka wa 2022. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawiwa saa 117,000 tu za kunukuu. Makombo, jamani! Uzuri wake ni kwamba hukaa kwenye tarakilishi yako, na siri za mikopo hazitoki nyumbani.

Majuzi mwenzetu mmoja alijaribu programu nyingine, ya simu. Kuhusu mkopo wa shilingi 40,000, mweka hazina alisema “hatutamkopesha”. Ikaandika “tutamkopesha”. Mtu akikohoa tu, ile “ha” imekwenda! Bahati nzuri sauti ilikuwepo, tukairudia.

Mawazo yangu ya matatu siyahariri, yakiharibika shauri yake. Lakini ya chama, kila kitenzi chenye pesa nakisikiliza upya, na sauti haifutwi mpaka kumbukumbu zithibitishwe. Jumamosi tunakutana tena, na mweka hazina atakaa karibu na simu.